Jani siyo jeni moja, mhariri

Mhariri naomba uniwekee haya kwenye ukurasa wa barua. Ile habari mliyotoa kuhusu jeni ya kuongeza mavuno nimeisoma mara mbili, nimefurahi sana kuona gazeti la Kiswahili linagusa usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyotengeneza sukari kwa mwanga wa jua, ila kichwa cha habari kimeniumiza maana msomaji anaondoka akijua ni jeni moja tu, unaipachika kwenye mmea basi mavuno yanapanda. Haiko hivyo jamani.

Kazi yenyewe ni ya Profesa Stephen Long wa Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani na wenzake, na mlichokiruka ndo kitamu chenyewe. Mwaka 2007 walitoa modeli ya kompyuta ya jinsi jani linavyotengeneza sukari, kimeng'enya kwa kimeng'enya (vimeng'enya ni protini zinazoendesha kila hatua ya kazi hiyo), wakaiachia kompyuta itafute: nitrojeni inayojenga vimeng'enya hivyo ikibaki ile ile bila kuongezwa, vimeng'enya vigawiwe vipi ili jani lifanye kazi zaidi? Ikaja na usanisinuru wa asilimia 76 zaidi, kwa kupunguza huku na kuongeza kule tu! Hiyo ndo biolojia ya mifumo, huangalii kipande kimoja, unaangalia vipande vyote vinavyovutana.

Sasa hizo jeni. Jua likiwa kali jani linapokea mwanga mwingi kuliko linavyoweza kutumia, kwahiyo unaozidi linautoa kama joto lisije likaungua, sawa, lakini wingu likipita au jani la juu likilitia kivuli lile jani linaendelea kumwaga mwanga kwa dakika kadhaa wakati sasa linauhitaji, na shambani vivuli vinacheza kutwa nzima. Wakaongeza nguvu jeni TATU kwa pamoja ili kinga hiyo iwahi kuzima. Tumbaku shambani ikaongezeka uzito asilimia 14 hadi 20, ikatoka kwenye jarida la Science mwaka 2016, na 2022 wakaripoti soya nayo kuongeza mbegu.

Halafu watafiti wengine wakaziweka jeni hizo hizo tatu kwenye arabidopsisi, kale kammea kadogo ka maabara, na mwaka 2020 wakaripoti kwamba kalikua kidogo kuliko kawaida. Jeni zile zile! Mimi hapo ndo nashikwa kabisa, maana kila mmea una mizani yake na ukigusa sehemu moja nyingine zinajibu.

Nafundisha biolojia. Wanafunzi wanakariri ule mstari mmoja, maji na kaboni dioksaidi na mwanga unapata sukari na oksijeni, wanadhani mambo yameisha. Niliwapa hii ya kompyuta, binti mmoja akauliza, kama nafasi ya kuboresha ipo mbona mmea haujajirekebisha wenyewe miaka yote hiyo? Tulimaliza kipindi kizima hapo, kwamba mmea ulichaguliwa kwa kuishi na kuacha mbegu siyo kwa kujaza maghala yetu, na kwamba kaboni dioksaidi hewani imepanda kwa kasi ambayo mimea haijapata muda wa kuizoea.

Ombi langu toleo lijalo mrekebishe, muandike jeni tatu, na hiyo ya arabidopsisi msiiache nje hata kama inaharibu utamu wa habari.

Mwalimu wa biolojia, msomaji wenu