Kondo la nyuma si chujio tu

Mhariri,

Makala yenu ya afya ya juma lililopita yaliwaambia wajawazito kuwa kondo la nyuma ni chujio la damu ya mama, kisha yakawashauri wale "vitamini A kwa wingi". La kwanza ni nusu ya ukweli. La pili ni hatari.

Kondo hujijenga upya katika kila mimba, na seli zake huongozwa kwa sehemu kubwa na protini ziitwazo vipokezi vya kiini. Vipokezi vya insulini hukaa kwenye utando wa nje wa seli; hivi vya kiini hufanya kazi ndani kabisa ya seli, juu ya DNA. Vinavyoviamsha ni vitu viyeyukavyo katika mafuta: projesteroni, asidi za mafuta, na asidi ya retinoiki inayotokana na vitamini A. Kipokezi kikishapata chake, huwasha au huzima jeni, mara nyingi kikiwa na mwenzake.

Chukua kipokezi kiitwacho PPAR-gama, ambacho mwenzake ni kipokezi kingine, RXR. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walieleza yaliyowapata panya wasio nacho: vijusi vilikufa kwenye siku ya 10 hivi, na mimba ya panya ni siku 19 au 20. Kuta za moyo zilikuwa nyembamba, hata ungeapa kuwa maradhi ni ya moyo. Lakini vijusi hivyo hivyo vilipopewa kondo zima, moyo ulikaa sawa. Kasoro ilikuwa kwenye kondo: seli zake hazikukomaa, na mishipa ya kijusi haikufika karibu na damu ya mama.

Kipokezi kingine, ERR-beta, kwa upande wake, huzuia pupa. Kikikosekana, seli za shina za kondo (seli changa zinazozaa nyingine) hugeuka mapema kuwa seli kubwa zisizogawanyika tena, na akiba ya kujengea huisha. Dawa ya DES, homoni ya kutengenezwa waliyopewa wajawazito wa Marekani tangu miaka ya 1940 hadi onyo la mwaka 1971, hukizima kipokezi hiki katika seli za panya. (Panya si mtu, tunajua, lakini vipokezi hivi binadamu pia anavyo.)

Sasa hiyo vitamini A, ambayo asidi yake ya retinoiki huamsha vipokezi vya namna hii, na ikizidi huweza kukidhuru kijusi. Mchicha, karoti, maembe na viazi vitamu vya rangi ya machungwa havina neno, maana mwili hugeuza kuwa vitamini A kiasi unachohitaji tu. Retinoli, yaani vitamini A iliyo tayari, ya vidonge, mafuta ya ini la samaki na maini haina breki hiyo. Shirika la Afya Duniani haliruhusu mjamzito apewe zaidi ya yuniti 10,000 za vitamini A kwa siku, yaani mikrogramu 3,000, hata pale upungufu ulipoenea. Gramu 100 za maini ya ng'ombe yaliyopikwa hupita kiwango hicho, kwa hiyo anayenunua nusu kilo katika soko la Kongowea asiimalize peke yake. Anayetumia vidonge vya aina mbili asome vibandiko vyote na ajumlishe; hapo ndipo wengi hukosea.

Vidonge vya chunusi vyenye isotretinoini ni vya jamii hiyo hiyo ya vitamini A, na huharibu ubongo, moyo na masikio ya kijusi. Huachwa angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Duka la dawa likiviuza bila kuuliza habari ya mimba, mteja aulize mwenyewe.

Walimu wa biolojia,
Tudor, Mombasa