Barua ya wazi kwa anti yangu: twende Wasini Januari, mwezi ukishapevuka

Anti, shikamoo.

Najua utasema mambo ya familia hayaandikwi nje watu wakisoma, lakini nimekupigia mara tatu kuhusu safari ya kisiwa cha Wasini na kila mara unanijibu "tutaona", na mimi umenilea wewe, najua "tutaona" yako ni hapana isiyotaka ugomvi. Kwa hivyo nimeamua kuandika, utaisoma polepole na chai yako, na kama kuna mtu mwingine hapa Nairobi anapanga kwenda baharini kwa kuangalia kalenda ya ofisi peke yake, naye asome.

Nilikuwa darasa la saba. Shuleni sikuruhusiwa kukuita anti, nilikuita ticha kama wengine, jioni tukifika nyumbani Umoja unakuwa anti tena. Siku ya kupwa na kujaa ulikuja na chungwa, ndimu na tochi, tukafunika madirisha kwa magazeti, tochi ikawa jua, chungwa dunia, ndimu mwezi. Ukatuonyesha venye mwezi unavuta maji na jua nalo linavuta, na vikiwa kwenye mstari mmoja, iwe ni mwezi mpevu au mwezi mwandamo, vinavuta kwa pamoja na bahari inapanda sana halafu inashuka sana. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akauliza, ticha, wewe ushaiona? Ukasema bado, ukafuta ubao, ukaendelea na zoezi. Hiyo "bado" mimi haijanitoka mpaka leo.

Umefundisha somo hilo miaka thelathini na kitu na bahari hujaiona. Na sisi wanne uliotulea tunajua nauli ya kwenda baharini ilienda wapi, ilikuwa karo yetu. Desemba unastaafu. Januari itakuwa ya kwanza tangu uwe mwalimu ambayo shule zitafunguliwa na wewe huna pa kukimbilia saa kumi na mbili asubuhi, na ndiyo maana nataka Januari hiyo tuwe Wasini.

Uliniuliza kwa nini si Mombasa mjini au Diani kama watu wote. Diani ni kuzuri, sikatai. Lakini Diani utaona mchanga na hoteli, na mimi nataka uone lile somo. Wasini ni kisiwa kidogo huko kusini kabisa, Kaunti ya Kwale, karibu na mpaka wa Tanzania, unavuka kwa mashua kutoka Shimoni. Hakina gari hata moja, ni vichochoro, nyumba za mawe, mibuyu, na matumbawe ya zamani sana ambayo bahari iliyaacha nchi kavu. Watu wa huko ni Wavumba, Kiswahili chao kina ladha yake ambayo ukisikiliza kwa makini utafurahi, wewe uliyekuwa unatupiga marufuku kuongea Sheng mezani. Siku anga ikiwa safi unaona milima ya Usambara kule Tanzania.

Sasa nikuambie kosa langu, juu ndilo lililonifundisha. Nilienda mwaka fulani mwezi wa saba, likizo niliyopewa ofisini ndiyo hiyo, nikalipa wakala mmoja aliyeniahidi fungu la mchanga katikati ya bahari, samaki, maji kama kioo. Sikuuliza kitu. Mwezi wa saba ni kusi, upepo unatoka kusini na una nguvu, mawimbi yalikuwa makubwa na maji yamevurugika, nusu ya watu kwenye boti walitapika. Tulipofika Kisite, hifadhi ya bahari karibu na Wasini, saa nne na kitu asubuhi fungu halikuwepo. Lilikuwa chini ya maji. Nahodha, mzee mpole sana, akaniambia, mwanangu leo ni maji mafu, bahari haipandi sana wala haishuki sana, na saa hizi imejaa, ungekuja wakati wa bamvua ungelitembea hapa kwa miguu. Nikakaa kwenye ile boti nikakumbuka chungwa na ndimu. Nilikuwa nimefundishwa haya yote na mtu ninayekula naye, na nilikuwa nimelipa pesa bila kuangalia mwezi uko wapi.

Kwa hivyo safari hii nimeipanga kwa mwezi wa juu. Bamvua ndiyo yale maji makubwa uliyotufundisha, yanakuja siku moja mbili hivi baada ya mwezi mpevu na baada ya mwezi mwandamo. Pwani yetu bahari inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kwenye bamvua tofauti ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa inaweza kufika karibu mita nne, hiyo ni zaidi ya dari ya sebule yako. Wakati wa maji mafu haifiki hata nusu ya hapo. Na kitu kizuri zaidi, ambacho hakikuwa kwenye kitabu chetu cha GHC, lile somo la jiografia, historia na uraia, ni kwamba pwani ya Kenya bamvua ina saa zake, inajaa kama saa kumi, kumi na moja hivi, alfajiri na jioni, na kukupwa ni kama saa nne au saa tano. Kila siku inayofuata inachelewa kwa kama dakika 50. Ukishajua hivyo siku inajipanga yenyewe.

Tutatoka kisiwani saa mbili asubuhi, maji yakiwa yanashuka, tufike Kisite yakikaribia kuisha kabisa. Hapo ndipo fungu linatokea, Anti. Ni mchanga mweupe unaoinuka katikati ya bahari, unashuka kwenye boti unasimama, maji yako kwenye vifundo vya miguu na pande zote ni bahari tupu. Halafu baada ya muda unaona ukingo unaanza kuliwa, kidogo kidogo, mpaka nahodha anawaita mrudi. Yaani unasimama juu ya somo lako. Huhitaji kujua kuogelea kwa hilo.

Kisite ni hifadhi ya bahari iliyo chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kilomita 28 za mraba ambapo hakuna kuvua kabisa, na pembeni kuna Mpunguti, kilomita 11 za mraba, huko wavuvi wanaruhusiwa kwa njia zao za asili. Samaki wamejaa kwa sababu hiyo. Pomboo wako mwaka mzima, kasa na ng'amba pia wapo, nyangumi wenyewe hupita kwenye kusi, kama mwezi wa saba mpaka wa tisa, hao tutawakosa na mimi nimekubali. Januari ni kaskazi, upepo ni mwepesi, maji ni safi, na kama utakubali kushika boya na kuweka miwani ya maji usoni utaona matumbawe bila kuogelea, nitakuwa nimekushika mkono. Ada ya kuingia tunalipa kwa eCitizen kabla, KWS hawachukui pesa taslimu. Jambo moja tu nitasimamia: mtu wa kutuongoza akitaka kuokota kiti cha pweza akupe mkononi upigwe picha, tutakataa kwa heshima. Yule ni mnyama, si pambo, na kila boti ikimtoa majini atakufa.

Mchana tunarudi Wasini kula. Kaa, wali wa nazi, samaki wa kupaka, na mwani wa kukaanga, ule wa baharini wanaoulima huko upande wa Shimoni. Halafu jioni, na hapa ndipo nilipofurahi nilipokuwa nikipanga, kuna bustani ya matumbawe ya akina mama wa Wasini. Ni kikundi chao wenyewe, wamejenga njia ya mbao katikati ya mawe ya matumbawe na mikoko, unalipa kiingilio kidogo na pesa inabaki kijijini. Siku za kawaida unatembea juu ya mbao na chini ni kukavu. Siku za bamvua, jioni, bahari inaingia. Inapita katikati ya yale mawe mpaka inakuwa chini ya miguu yako. Kwa hivyo asubuhi umeona imekupwa, jioni unaiona imejaa, siku hiyo hiyo moja, na kama saa kumi na mbili na nusu jua linazama magharibi, baadaye kidogo mwezi mkubwa unapanda upande wa mashariki, na wewe uko katikati yao, kile kile ulichotuonyesha na tochi.

Goti lako nimelifikiria. Kwenye gati maji yakikupwa kabisa boti inakuwa mbali chini na ngazi ni za kuteleza, ila saa mbili asubuhi na saa nane mchana maji yako katikati, kushuka na kupanda si kwa shida sana, na mabaharia wa huko wamezoea wazee. Jaketi okozi utavaa kutoka Shimoni mpaka turudi, hata kama hakuna mwingine amevaa. Kuhusu kichefuchefu nitabeba tangawizi na utakaa katikati ya boti, si mbele.

Uliuliza ukiugua itakuwaje kisiwa hakina gari. Swali zuri. Tukivuka Shimoni tunapata gari, na hospitali ya rufaa ya kaunti iko Msambweni, kwenye barabara hiyo hiyo ya kurudi Ukunda. Beba dawa zako za presha za siku kumi ingawa tunaenda siku tano. Na malaria iko pwani, sisi wa Nairobi tunasahau, kwa hivyo tumwone daktari mapema atuambie dawa ya kukinga inayopatana na zako, na usiku tunalala kwenye neti, hata joto likizidi.

Safari yenyewe si ngumu. Treni ya asubuhi kutoka Syokimau, daraja la kawaida ni 1,500 tangu Januari 2024, tiketi nitakata kwa simu kwa *639#. Tunashuka Miritini, stesheni ya Mombasa, na siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu inayokutoa huko mpaka upande wa Kwale bila kugusa feri ya Likoni. Ukunda, Msambweni, Ramisi, halafu Kanana tunakata kushoto kwenda Shimoni. Usiku wa kwanza tunalala Shimoni, sitaki uvuke kwa giza mara yako ya kwanza. Kabla ya kuvuka tutaingia kwenye mapango yenyewe yaliyoupa mji jina, ambamo watu walifungiwa kabla ya kupakiwa majahazini kuuzwa utumwani. Wenyeji ndio wanaoyatunza na ndio wanaokupitisha. Ulitufundisha hilo pia na najua utataka kukaa kimya kidogo pale, hatutakuharakisha.

Wasini tutalala siku tatu kwenye nyumba ya wageni ya mwenyeji, vyumba ni vya kawaida, feni na neti. Watu wengi huja kutoka Diani asubuhi wakala kaa wakaondoka saa tisa, hawaoni jioni wala alfajiri, na kijiji kinabaki na kidogo. Maji tutumie kwa huruma, kile kisiwa ni cha mawe ya matumbawe, hakina mto, miaka mingi watu wameishi kwa maji ya mvua na ya kuletwa na mashua, kwa hivyo si mahali pa kuoga mara tatu kwa sababu ya joto. Ni kijiji cha Waislamu, leso zako zile mbili za kufunga na kujitanda ndizo zinazofaa kuliko nguo zozote mpya, na Ramadhani nimeiangalia, haiangukii tarehe zetu.

Pesa usiulize. Sisi wanne tumekuwa tukiweka 2,000 kila mwezi tangu mwaka jana, iko kwenye M-Pesa ya dada mkubwa na hakuna aliyeigusa, hata yule unayemdhania. Ukituambia tununulie tangi la maji badala yake tutanunua tangi pia, lakini mwaka mwingine.

Ombi langu moja. Ukibeba mkoba, weka vijiti kumi vya mbao vilivyochongwa ncha, kama vile ulivyotuambia tubebe siku ya kupima kivuli uwanjani. Tutavichomeka ufukweni pale Wasini, kimoja kila nusu saa maji yakipanda, wewe unashika saa mimi naandika. Watoto wa kijiji watakuja kuuliza tunafanya nini na najua hutaweza kujizuia, utawafundisha, na wao watakuambia mengine ambayo wameyajua tangu wazaliwe.

Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi ndiyo niombe likizo mapema. Na uniambie unataka kiti upande gani wa treni, kulia ndiko Kilimanjaro inakoonekana mawingu yakikubali, ila ndovu wa Tsavo wanaweza kuwa upande wowote.