Kadi yako, na zile herufi mbili baada ya namba

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi. Kadi ya sherehe ya ndoa nimeipata. Kabla hujampelekea mchapaji, rekebisha "22th". Iwe 22nd.

Herufi hizo hazibahatishwi. Ni mbili za mwisho za neno lenyewe la Kiingereza linaloonyesha nafasi, kama yetu "ya kwanza", "ya pili". First hukupa 1st, second 2nd, third 3rd, fourth 4th. Ukikwama, litamke neno zima, kisha ulikate mkia. Twenty-second inaishia nd, basi th imetoka wapi? Wakorofi ni 11, 12 na 13: eleventh, twelfth, thirteenth, zote th, hata ndani ya 111 au 212.

Najua kinachotuponza. Sisi husema "ya ishirini na moja". "Kwanza" hairudi tena. Kwenye Kiingereza inarudi: twenty-first, thirty-first. Hubadilika neno la mwisho tu, yaliyotangulia hayaguswi: one hundred and twenty-first. Na usisahau kistari kati ya makumi na mamoja.

Ukiandika kwa maneno, tahajia ndiyo mtego. Katika five na twelve, ve hugeuka f: fifth, twelfth. Hiyo f ya twelfth wengi huimeza wakitamka, ndiyo maana huiacha wakiandika. Eight ina t tayari, inaongezwa h peke yake: eighth. Nine hupoteza e ikawa ninth, lakini ninetieth inabaki nayo. Kwenye makumi, y hugeuka ie: twentieth, thirtieth. Fortieth haina u, ingawa fourth inayo.

Tarehe nazo: 5 May na 5th May zote husomwa the fifth of May. Wamarekani huandika May 5, wakasoma May fifth. "On date 5th" uliyoandika ni Kiswahili kilichovaa suti. Andika on 5 May, yatosha.

Namba ikifuata jina hubaki ilivyo: Chapter 3, ila the third chapter. Wafalme wana lao, Charles III husomwa Charles the Third.

Halafu kompyuta yako imeinua th juu kwenye mstari wa kwanza, chini umeiacha sawa na namba. Mimi ningezishusha zote. Herufi ndogo hivyo hufifia kwenye karatasi ya kung'aa. Nitumie tena ukishamaliza.

Wako,
Mwanaidi