Navaratri ina kisa, Mhariri

Mhariri,

Kila mwaka Navaratri inapofika, kati ya Septemba na Oktoba, magazeti yetu huchapa picha ya wasichana wenye sketi za vioo wakicheza ngoma ya garba, na chini yake mstari mmoja kwamba Wahindi wanasherehekea. Wakati mwingine huandikwa kuwa ni Diwali, sikukuu ya taa, ambayo huja kama siku 20 baada ya hapo. Naomba nafasi nieleze tunachokicheza.

Kwanza, tusichanganye Mhindi na Mhindu. Mhindi ni mtu wa asili ya India, Mhindu ni mfuasi wa dini. Mabohora ni Wahindi na ni Waislamu, na Wagoa wengi ni Wakatoliki. Navaratri ni ya Wahindu, wale ambao wazee wa hapa pwani waliwaita Mabaniani. Maana yake ni usiku tisa, na usiku huo wote ni wa Durga, mungu wa kike, ambaye sisi Wagujarati humwita Amba, au Mama tu.

Kisa chenyewe nilikisikia kwa bibi yangu. Palikuwa na asura, yaani pepo mwenye nguvu, jina lake Mahisha, nusu mtu nusu nyati. Alijitesa kwa ibada miaka na miaka mpaka Brahma, mungu muumbaji, akamtokea na kumuuliza anataka nini. Akaomba asife. Brahma akamwambia kila aliyezaliwa atakufa, aombe jingine. Ndipo Mahisha akaomba asiuawe na mwanamume yeyote, awe mungu, binadamu au asura. Mwanamke hakumtaja, kwa kuwa aliona mwanamke hana nguvu za kumdhuru. Hapo bibi alikuwa akinyamaza na kutuuliza wajukuu wa kike, "Alimsahau nani?" Nasi tunapiga kelele, "Sisi!"

Mahisha alipata alichoomba, akamfukuza Indra, mfalme wa miungu, mbinguni na kukalia kiti chake. Miungu wakaghadhibika, na ghadhabu ikawatoka usoni kama mwanga. Mianga ikakutana, ikawa mwanamke mmoja, naye ndiye Durga. Uso wake ulitokana na mwanga wa mungu Shiva, mikono na mwanga wa mungu Vishnu. Shiva akampa mkuki wa ncha tatu, Indra radi, na mlima Himalaya ukampa simba wa kupanda. Vitani Mahisha alijigeuza simba, akawa mtu mwenye upanga, akawa tembo, akarudi kuwa nyati. Durga akamkanyaga shingo, na Mahisha alipokuwa akichomoza nusu kutoka katika kinywa cha yule nyati, Durga akamkata kichwa. Siku ya kumi, Vijayadashami, ni ya ushindi huo.

Mwandishi anayesema Durga ni mke wa mungu fulani, kisha akaishia hapo, amekiacha kiini cha kisa. Yeye ndiye nguvu ya miungu wote ikiwa pamoja, nguvu ambayo Wahindu huiita shakti, na bila nguvu hiyo walikuwa wameshindwa. Kisa hiki kimo katika Devi Mahatmya, utenzi wa Kisanskriti wa beti 700 ambao waumini wengi huusoma siku hizo tisa.

Sasa iangalieni garba upya. Katikati ya duara huwekwa chungu cha udongo chenye matundu, na ndani yake taa inawaka. Neno garba linatokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya tumbo la uzazi. Chungu ni tumbo, taa ni uhai, nasi tunamzunguka Mama. Vijiti vya dandia tunavyogonganisha husemwa kuwa ni panga zake. Kule Kolkata, mashariki mwa India, Wabengali humpokea kama binti aliyeolewa mbali anayekuja kwao na watoto wake wanne. Humfinyangia sanamu ya udongo, na siku ya kumi humsindikiza mtoni, watu wakilia.

Ombi langu ni dogo. Mwakani, mpiga picha wenu asije usiku wa tisa vipaza sauti vikiwa vimewashwa. Aje usiku wa kwanza, mapema, wanawake wazee wanapokiweka chungu na kuwasha taa. Na chini ya picha hiyo liandikwe jina la Durga.

Msomaji wenu,
Mombasa