Wafadhili wa mifongo ya Kilimanjaro, msiue msaragambo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mashirika ya hisani, makanisa rafiki ya ng'ambo, vyama vya maendeleo vya wazaliwa wa Moshi, Hai na Rombo waishio mijini, na wote wanaochanga fedha kusaidia vijiji vya Mlima Kilimanjaro. Mnastahili shukrani. Lakini kwenye mifongo, ile mifereji ya asili inayoteremsha maji kutoka msituni hadi kwenye vihamba (mashamba ya familia yanayozunguka nyumba), msaada unaotolewa kwa pupa hujenga zege na kuvunja umoja wa watu wanaolitunza. Umoja huo ukishavunjika, zege nalo halimalizi miaka mingi.

Mlima huu unajulikana kwa theluji, na picha nyingi za kuombea michango zinaonyesha theluji inayoyeyuka. Maji ya mifongo, hata hivyo, hutoka kwa sehemu kubwa kabisa kwenye mvua na ukungu unaonaswa na msitu, hasa upande wa kusini kwenye kimo cha mita 2,000 hivi. Huko ndiko yalipo mabanio, vizuizi vya mtoni vinavyogeuzia maji kwenye mfongo. Chini yake ndiko viliko vihamba: juu mringaringa na msesewe, katikati migomba, chini yake kahawa, na ardhini kabisa magimbi na mboga, na ng'ombe wa kufungwa zizini akirudisha samadi shambani. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu, Uru, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia. Mfumo huo una mfongo ndani yake. Masika na vuli zikipita, ni mfongo unaoufikisha mgomba na jani la ng'ombe kwenye mvua nyingine.

Mfongo una wenyewe. Mingi hadi leo inaitwa kwa jina la ukoo au la mtu aliyeuchimba, na una mzee wake, meni mfongo, anayeitisha kazi, anayepanga zamu na anayeamua magomvi. Haki ya maji hutokana na jasho. Mvua ikibomoa banio au tope likijaa, unapigwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja isiyo na malipo, kila kaya inapewa kipande chake cha kusafisha, na asiyefika hutozwa faini, zamani pombe ya mbege au mbuzi, siku hizi mara nyingi fedha. Asiyelipa faini hapati zamu. Ni utaratibu mgumu, na umeiweka mifongo hai kwa vizazi vingi bila bajeti ya mtu yeyote.

Sasa anakuja mfadhili mwenye moyo mwema na kulipa posho kwa kila anayeshika jembe. Mfereji unasafishwa haraka, picha zinapigwa, ripoti inaandikwa. Kilichotokea pale ni kwamba jasho limetenganishwa na maji. Kijana asiye na kihamba kwenye mfongo ule amechimba kwa ujira, na mwenye kihamba amekaa nyumbani na bado anadai zamu. Msimu unaofuata mzee akiitisha msaragambo anaulizwa posho iko wapi. Hana. Tope linabaki, maji yanafurika kingo kwenye kona, ukingo unakatika, na mradi mwingine unaombewa fedha kwa mfereji uleule.

Kwa hiyo gawanyeni gharama hivi. Mfadhili alipie kile ambacho kijiji hakiwezi kukitoa kwa mikono yake: saruji, nondo, waya wa gabioni (vikapu vya waya vya kujazia mawe), geti la chuma, usafiri, ujira wa fundi mwashi, upimaji wa mhandisi, na ada za kibali. Kuchimba, kukusanya mawe na mchanga, kubeba saruji kutoka barabarani na kusafisha viwe msaragambo, bila posho. Mkitaka kuonyesha mchango wa jamii kwenye hesabu zenu, tumieni daftari la mfongo: jina la kaya, tarehe, urefu wa kipande kilichosafishwa. Daftari hilo ni ushahidi mzuri kuliko kudai asilimia ya fedha taslimu, ambayo kwa kawaida huishia kulipwa na watu watatu wenye uwezo, na baadaye wakajiona ndio wenye maji.

Nije kwenye ujenzi wenyewe, maana hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea.

Kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji, pimeni maji. Hakuna haja ya kifaa cha gharama. Chagueni kipande kilichonyooka cha mita 10, pimeni upana na kina katika sehemu tatu mpate wastani, kisha tupieni kipande cha mti mkavu na mhesabu sekunde. Mfereji wa upana wa nusu mita na kina cha sentimita 20, kipande cha mti kikitumia sekunde 25, unapitisha takribani lita 32 kwa sekunde, baada ya kuzidisha kwa 0.8 kwa sababu maji ya chini na pembeni huenda polepole kuliko ya juu. Rudieni kipimo hicho kila baada ya mita 200. Palipopotea zaidi ya moja ya tano ya maji kati ya kipimo na kipimo ndipo pa kusakafia, na mahali pengine hapahitaji kitu.

Nasisitiza hilo kwa sababu wafadhili wengi hupenda kusakafia mfereji wote. Maji yanayonywewa na udongo hayapotei yote. Yanalisha miti ya kando, visima vifupi na chemchemi ndogo za vihamba vya chini ambavyo havina zamu. Ukisakafia kilomita nzima, walio mkiani wa mfereji wanashangilia, na walio bondeni wanaona chemchemi yao imekauka. Hapo ugomvi umeanza ambao meni mfongo hawezi kuuamua, kwa kuwa walioumia si wa mfongo wake.

Kwenye kusakafia, lipu nyembamba ya sentimita 3 juu ya udongo ni kupoteza saruji. Udongo hutanuka ukilowa na kusinyaa ukikauka, mizizi ya migomba na mikuyu huingia kwenye ufa wa kwanza, na baada ya masika mawili lipu inabanduka vipande. Shindilieni sakafu kwanza, jengeni kwa mawe meusi ya mlimani, ukuta wa sentimita 20, kwa saruji mfuko mmoja wa kilo 50 na mchanga ndoo saba za lita 20. Mchanga uoshwe: ule wa mtoni huku una udongo mwingi, na ukiufikicha kwenye kiganja ukaacha uchafu mwekundu, usitumike hivyo. Acheni nafasi ya kutanukia kila mita 3 na mjaze lami. Upande wa mlima wekeni vitundu ukutani vya kupitisha maji yanayoteremka ardhini, la sivyo masika yatausukuma ukuta ndani ya mfereji.

Halafu zege na ukuta vinywe maji siku saba. Funikeni kwa magunia au majani ya migomba na mmwagilie asubuhi na jioni. Hapa ndipo kalenda za miradi hugongana na mlima. Fedha nyingi hutoka mwanzoni mwa mwaka, saruji inafika Aprili wakati barabara ni matope, inawekwa kwenye sakafu ya darasa na kugeuka mawe. Au ujenzi unafanyika Septemba, wakati kufunga mfongo wiki nzima ni kuua mboga za watu, na usiku mtu anafungulia maji juu ya saruji mbichi. Muda mzuri ni Juni hadi mwanzoni mwa Julai: mvua imekatika, ardhi bado ina unyevu, kuna mawingu na baridi, na watu wanaweza kuvumilia mfongo ukiwa mkavu.

Banio linahitaji uangalifu kuliko yote. Banio la asili ni mawe, magogo, magome ya migomba na udongo. Kila masika mto hulibomoa na kila mara hujengwa upya. Mhandisi mgeni huona udhaifu tu. Lakini banio hilo linavuja, na kuvuja kwake ndiko kunakoacha maji mtoni kwa mfongo unaofuata. Ukiziba mto kwa zege, wa juu wanachukua yote wakati wa kiangazi. Kama ni lazima kujenga la kudumu, liwe fupi, liwe na tundu la wazi lisilo na geti la kupitisha sehemu ya maji mtoni muda wote, liwe na mlango wa kufulia mchanga, na upana wa tundu ukubaliwe na wazee wa mifongo ya juu na ya chini, wakiwa wamesimama palepale mtoni. Andikeni vipimo vyake kwenye muhtasari.

Nduwa, bwawa la kukusanyia maji ya usiku, ni mahali ambapo fedha kidogo huzaa sana. Mfongo wa lita 10 kwa sekunde ukiachwa utiririke kutoka saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi unajaza lita 288,000, na kwa nduwa hiyo watu wa mkiani humwagilia mchana bila kukesha. Nyingi zilizokufa zinaweza kufufuliwa. Toeni tope na mlirudishe vihambani, jazeni mashimo ya fuko, ng'oeni miti iliyoota ukingoni, kisha ongezeni udongo wa mfinyanzi tabaka la sentimita 15 kwa mara, ukishindiliwa. Msisahau njia ya kumwaga maji ya ziada, sentimita 30 chini ya kilele cha ukingo. Nduwa isiyo na njia hiyo hupasuka usiku wa mvua ya kwanza kubwa.

Kuhusu vibali, mabanio mengi yako ndani ya msitu ambao tangu 2005 umeingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, kwa hiyo kuingia na kukata hata gogo moja kunahitaji ruhusa. Maji yenyewe yanasimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, kwani mto huohuo unaenda kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu na kwenye mitambo ya umeme ya Hale na Pangani. Kibali kiombwe kwa jina la jumuiya ya watumia maji, na meni mfongo awe ndani ya uongozi wake. Kikiandikwa kwa jina la shirika au la mtu mmoja, mradi ukiisha mfongo unabaki bila mwenyewe kisheria.

Jambo moja la mila lazima libadilike, na nalisema nikiipenda mila hiyo. Zamani mwanamke hakuwa na kauli kwenye mfongo. Leo vihamba vingi vinaendeshwa na akina mama, waume wakiwa mjini au wamefariki, na wao ndio wanaosimama na jembe zamu inapofika. Kamati isiyo na mama hupanga zamu zisizotekelezeka. Wazee wengi wanaelewa wakiombwa kwa heshima, tena kabla ya mradi kuanza, sio kwa sharti linaloletwa kwenye karatasi.

Na tambiko la banio, pale ambapo ukoo bado unalifanya, lisiwekwe kwenye ratiba ya wageni wala lisikatazwe na mradi. Fedha za utamaduni zitumike kuandika majina ya mifongo, koo zake, mipaka na zamu zake wakati wazee wanaozijua wapo, nakala moja ibaki kwa meni mfongo na nyingine ofisi ya kijiji.

Mwisho, wenzetu mnaorudi nyumbani Krismasi. Mnachanga harusi, mnachanga kanisa, na wengi mna vihamba vinavyonywa maji ya mfongo ambao hamjausafisha miaka mingi. Ombeni mzee aitishe kikao kati ya tarehe 27 na 30 Desemba, mapato na matumizi yasomwe mbele ya wote, na kila mwenye kihamba asiyekaa kijijini alipe faini zake za mwaka au ataje ni nani atakayemfanyia zamu yake ya msaragambo kabla ya masika ya Machi.

Msomaji wako,
Moshi Vijijini