Historia ya hospitali ya Ndanda isianzie kwa daktari

Mhariri,

Nimezaliwa katika hospitali ya Wabenediktini ya Ndanda, wilayani Masasi, na mama yangu alizaliwa hapo hapo. Kila nikisikia historia yake ikisimuliwa, huanza na Sista Thecla Stinnesbeck, daktari Mjerumani aliyefika mwishoni mwa miaka ya 1920. Sista huyo anastahili heshima yote tunayompa. Ila kuna yanayorukwa kabla yake, na hayo ndiyo yanayotugusa sisi wenyeji.

Wamisionari Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki kutoka Ujerumani, walianzia Lukuledi na Nyangao. Agosti 1905 Vita vya Maji Maji vilipofika kwetu, misheni zote mbili ziliteketezwa, na Askofu Cassian Spiss akauawa pamoja na wenzake wanne wakiwa safarini kwenda Peramiho. Jeshi la Wajerumani nalo likachoma mashamba na maghala, njaa ikaingia. Ndanda ilianzishwa 1906, katikati ya majonzi hayo, chini ya Uwanda wa Makonde, penye chemchemi. Mtu wa Newala, kule juu uwandani, hahitaji kuelezwa thamani ya chemchemi; bibi zake waliteremka mlima na mitungi kichwani na kuupanda tena.

Sasa fikiria: watu walionyunyiziwa dawa ya Kinjikitile ili risasi za Mjerumani zigeuke maji, wao na watoto wao, miaka ishirini na kitu baadaye wanapanga foleni kwa Wajerumani wachomwe sindano ya buba, ugonjwa wa vidonda vya ngozi. Imani hiyo ilitoka wapi? Sidhani ilitoka kwenye mahubiri peke yake. Vidonda vya buba huonekana, na watu waliviona vikikauka. Bibi yangu alibebwa mgongoni na baba yake, Mwislamu wa juu uwandani, mpaka Ndanda, akarudi kwa miguu yake mwenyewe. Hadi anafariki alikuwa akiionyesha kovu ile pajani.

Na sindano haikujieleza yenyewe. Kuna waliokuwa wakifasiri maneno ya daktari kwa Kimakonde, Kimakua na Kimwera, waliofunga vidonda, waliofua mashuka, waliowahudumia wenye ukoma kule Mwena wakati hata ndugu zao waliogopa kuwagusa. Jina la Sista Thecla tunalijua. Ya hao hatuyajui, nami naona ni haki yao kutajwa.

Naiomba abasia, yaani monasteri ya Wabenediktini hapo Ndanda, iyapekue madaftari yake ya zamani na kuorodhesha majina ya watumishi hao. Walimu wa historia wa Ndanda na Masasi nao wawatume wanafunzi Mwena na vijiji vya jirani, wakae na wazee, wawarekodi kwa simu. Waanze likizo hii ya Juni. Mwaka jana tumezika wawili mtaani kwetu ambao mama zao walikuwa wakunga hapo hospitali, na hakuna aliyewahi kuwauliza neno.

Mzaliwa wa Ndanda,
Masasi