Wakongwe warudie vibao vyao, lakini tuambiwe mwaka

Kwa Mhariri,

Makala yaliyochapishwa wiki jana katika ukurasa wako wa burudani yalidai kwamba mwimbaji mkongwe wa muziki wa kantri anayerudi studio kurekodi upya vibao vyake vya ujanani amefilisika mawazo, na kwamba anawauzia mashabiki ukoko wa chungu kilekile walichokwisha kula. Mimi nimekuwa msikilizaji wa muziki huu tangu enzi za kaseti, hapa Nakuru ambako Jumapili isiyokuwa na Jim Reeves, Don Williams au Kenny Rogers redioni huwa haijakamilika, na naomba nafasi nieleze kwa nini hukumu hiyo, ingawa ina chembe ya ukweli, imewakumba wasiostahili.

Nianze na chembe hiyo, kwa sababu iliwahi kunigusa mfukoni. Miaka mingi iliyopita nilinunua mjini kaseti iliyotangazwa kuwa mkusanyiko wa vibao bora vya mwimbaji niliyempenda, nikaitia kwenye redio mbele ya wageni, na sauti iliyotoka ikawa nzito na ya polepole, huku kinanda cha umeme kikilia mahali nilipozoea kusikia fidla. Nilidhani betri zimekwisha. Mke wangu ndiye aliyelichukua jalada akalisogeza dirishani, akaona, kwa herufi ndogo mithili ya mayai ya chawa, kwamba nyimbo zote zilikuwa zimerekodiwa upya na mwimbaji mwenyewe. Kisheria sikuwa nimedanganywa, lakini nilijiona kama mtu aliyeagiza chai ya maziwa ya ng'ombe akaletewa ya maziwa ya unga.

Hata hivyo, mwandishi wako hakueleza marudio hayo hutokana na nini. Wimbo uliorekodiwa hubeba haki mbili. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani maneno na tuni, na ya pili ni ya rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa siku fulani katika studio fulani. Kwa mikataba iliyokuwa ya kawaida huko Nashville, mji wa Marekani ulio makao ya muziki wa kantri, rekodi ilikuwa mali ya kampuni, na mwimbaji aliambulia mrabaha tu, yaani fungu dogo la mauzo. Siku kampuni ilipomchoka aliondoka na koo lake, akayaacha nyuma mavuno ya ujana wake, na kampuni mpya iliyomchukua haikuwa na hata wimbo mmoja wa zamani wa kuuza. Kurudia vibao kukawa njia ya kujipatia upya kile alichokuwa amekipanda. Makampuni yenyewe yanalifahamu jambo hili vizuri, ndiyo maana mikataba mingi humzuia mwimbaji kurekodi tena nyimbo zilezile kwa miaka kadhaa baada ya kuondoka. Nani angejisumbua kuandika kifungu cha kuzuia ukoko?

Johnny Cash, mwimbaji wa kantri wa Marekani, alipitia hali hiyo. Kampuni ya Columbia, aliyojiunga nayo mwaka 1958, ilimwacha mwaka 1986, akahamia Mercury, na mwaka 1988 ikatoka albamu ya nyimbo 20 za zamani alizokuwa amezirekodi upya. Hapa nampa mwandishi wako haki yake. Albamu hiyo haina makosa makubwa, lakini haina pia sababu ya kusikilizwa na mtu aliye na rekodi za kwanza, kwa kuwa Cash anaimba kama mtu anayetia sahihi fomu, na vyombo vimepakwa rangi ya miaka ya themanini ambayo imechujuka kuliko nyimbo zenyewe. Kama makala yale yangekomea kwenye albamu za namna hiyo, nisingechukua kalamu.

Lakini Cash huyohuyo alirudia wimbo mwingine, na huo ndio ulionifanya niandike. Mwaka 1957, akiwa na umri wa miaka 25, alirekodi katika studio ya Sun mjini Memphis wimbo alioutunga mwenyewe, “Give My Love to Rose”. Ni kisa cha msafiri anayemkuta kando ya reli mtu aliyetoka gerezani, ambaye anakata roho kabla ya kufika kwao Louisiana. Mtu huyo anampa msafiri fedha alizokuwa nazo ampelekee mkewe Rose, anunue nguo nzuri, na anaomba mwanawe aambiwe kwamba babake anajivunia. Katika rekodi hiyo hakuna ngoma. Gitaa la Luther Perkins na besi ya Marshall Grant vinakwenda mwendo wa behewa, na kijana mwenye kifua kipana anatusimulia habari za mtu mwingine. Anazisimulia vizuri sana, kwa huruma, lakini ni huruma ya mpita njia.

Mwaka 2002, akiwa na miaka 70 na mwili uliosumbuliwa na maradhi kwa muda mrefu, aliuimba tena akiwa na mtayarishaji Rick Rubin, ambaye tangu albamu yao ya kwanza ya mwaka 1994 alikuwa amemzoeza kurekodi kwa vyombo vichache. Maneno ni yaleyale. Tuni ni ileile, ila imepunguzwa mwendo, na pumzi inapungua kabla mstari haujafika mwisho, kiasi kwamba msikilizaji hujikuta anavuta pumzi kwa niaba yake. Safari hii anayesimulia si msafiri tena. Ni yule aliyelala kando ya reli. Anapofika pahali pa kumtaja mtoto, hakuna namna ya kusikiliza bila kufahamu kwamba anayeagiza salamu ana watoto wake na hana siku nyingi. Rekodi hiyo ilimpatia tuzo ya Grammy ya uimbaji wa kantri mwaka 2003. Mkewe, June Carter, alifariki Mei mwaka huohuo, na yeye mwenyewe akamfuata tarehe 12 Septemba. Kijana wa mwaka 1957 hangeweza kuuimba wimbo ule hivyo hata angefundishwa miaka kumi, kwa maana alikosa kitu kimoja tu ambacho studio haiuzi.

Mwingine ni Loretta Lynn, bintiye mchimba makaa ya mawe wa Butcher Hollow, Kentucky. Mwaka 1967 alifika kileleni mwa orodha ya nyimbo za kantri kwa mara ya kwanza kwa wimbo wa kumkaripia mume anayerudi nyumbani amelewa akitaka mapenzi. Ulikuwa wimbo wa ugomvi wa kweli, na waliomfahamu mumewe hawakuhitaji kuuliza ulimhusu nani. Albamu iliyotoka mwaka 2018, yeye akiwa na miaka 86, ina wimbo huo tena, wakati mume mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1996. Mjane anamkemea marehemu asirudi nyumbani amelewa! Wengine hucheka wanapousikia, na wimbo una mzaha wa kutosha kuwaruhusu, lakini mimi siwezi kuusikia bila kufikiri kwamba pengine angefurahi kama mlango ungegongwa usiku huo, hata na mlevi.

Miaka mitatu baadaye, katika albamu yake ya hamsini, aliurudia wimbo wa maisha yake mwenyewe, “Coal Miner's Daughter”, uliotoka mwaka 1970. Safari hii hakuuimba. Aliyasema maneno yake tu, kama nyanya anayeulizwa na wajukuu alikozaliwa, akataja nyumba ya kilimani, mshahara mdogo wa baba na mama anayefua nguo hadi vidole vinavuja damu. Babake alifariki mwaka 1959, mwaka mmoja kabla ya binti kutoa santuri yake ya kwanza, kwa hiyo hakuisikia hata moja. Loretta Lynn alifariki Oktoba 2022. Kumwita mwanamke huyu mtu aliyefilisika mawazo kwa sababu alilirudia jina la babake akiwa na karibu miaka tisini ni kumkosea adabu, na nadhani mwandishi wako angelifuta neno hilo kama angeisikiliza rekodi hiyo mara moja tu bila kufanya kazi nyingine.

Kuna upande mwingine ambao mwandishi wako aliupita bila kuutazama. Jim Reeves, ambaye sauti yake imewalaza watoto wengi wa nchi hii, alikufa katika ajali ya ndege tarehe 31 Julai 1964 akiwa na miaka 40, na hakupata fursa ya kurudia chochote uzeeni. Waliobaki walimrudia kwa niaba yake. Sauti yake ilivuliwa ala za zamani ikavishwa mpya, tena na tena, na mwaka 1981 ikaunganishwa na ya Patsy Cline, mwimbaji mwenzake wa kantri aliyekufa katika ajali nyingine ya ndege mwaka 1963, wakaimba pamoja wimbo ambao kila mmoja alikuwa ameurekodi peke yake enzi za uhai wake. Wimbo ni mtamu, nakiri, na nimeucheza mara nyingi. Lakini kama tunauvumilia ushirikiano wa watu wawili ambao hawakuulizwa, sioni kwa nini tumkasirikie mzee aliye hai, mwenye hiari na koo lake, anayetaka kulitazama tena neno alilolitamka akiwa kijana.

Ninachodai, basi, ni uwazi. Taylor Swift, ambaye alianzia kwenye kantri na bado yuko mbali na uzee, alipoanza mwaka 2021 kutoa upya albamu ambazo rekodi zake za kwanza zilikuwa zimeuzwa kwa watu wengine, aliandika juani, kwenye jina lenyewe la kila albamu, kwamba hilo ni toleo lake. Hakuna aliyenunua kwa kukosea. Kwetu hali ni tofauti. Vijana wanaotujazia nyimbo kwenye flashi mjini huweka jina la mwimbaji na la wimbo, mwaka haupo, na watangazaji wengi hucheza rekodi ya uzeeni na ya ujanani kana kwamba ni kitu kimoja, kisha msikilizaji hupiga simu kulalamika kwamba wimbo umeharibiwa. Ukurasa wako ungetusaidia sana kama kila unapoutaja wimbo wa zamani ungeutaja na mwaka wa rekodi inayozungumziwa.

Kwa watangazaji wa vipindi vya zilipendwa vya Jumapili nina ombi moja. Wacheze “Give My Love to Rose” ya mwaka 1957, wataje mwaka, halafu wacheze ya mwaka 2002 bila kusema neno katikati. Zote mbili kwa pamoja hazifikishi dakika saba, muda ambao matangazo ya biashara huuchukua kila saa bila kuomba radhi.

Msikilizaji wa zilipendwa,
Nakuru